Namna ya kutunga wimbo wa mashindano na wenzako mkiwa kila mtu na mji wake

Sisi tuko wanne. Mimi naandika maneno niko Tanga, mpiga gitaa yuko Mwanza, muimbaji yuko Muscat na prodyuza yuko Toronto, na huyu wa Toronto Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Hatujawahi kukaa chumba kimoja hata siku moja na bado nyimbo zinatoka, kwaiyo naandika hapa tunavofanya, maana naona watu wengi wanaanza kwa moto alafu wimbo unafia kwenye grupu la WhatsApp hata kabla ya dedlaini.

Kabla hujashika gitaa soma masharti ya shindano, yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini. Angalia urefu (Eurovision, lile shindano la nyimbo la Ulaya, kwa mfano mwisho ni dakika 3, ukizidi hupiti), angalia kama wimbo unatakiwa uwe haujatoka popote, maana ukitupia kakipande ka kiitikio kwenye status au YouTube kwa furaha tu unaweza ukawa ushajitoa mwenyewe. Alafu kuna sehemu ya haki. Kuna mashindano ukishatuma tu unakuwa umewaruhusu wautumie wimbo wako watakavyo, ushinde usishinde, na hilo wote mnatakiwa mlijue na kulikubali, sio mmoja wenu abonyeze "nakubali" kwa niaba ya watu wanne.

Hisa nazo zungumzeni mapema, wakati wimbo bado hauna thamani yoyote na watu bado wanacheka. Sisi tunaandika karatasi moja: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, nani katunga maneno, nani melodi, nani biti, kila mtu asilimia ngapi, jumla ifike 100, na tarehe. Kila mmoja anaandika "nakubali" kwa barua pepe yake. Pesa ya zawadi tunaiandika mstari wake peke yake, kwa sababu zawadi inaisha siku ileile ila wimbo unaendelea kupigwa miaka. Kwa Tanzania kazi unaisajili COSOTA, Kenya ni KECOBO (hizo ndo ofisi za hakimiliki), na ukiwa na hiyo karatasi mkononi unajua cha kujaza. Nishaona watu wawili waliokuwa kama ndugu hawasalimiani kwa ajili ya kiitikio kimoja, inauma sana kwa kweli.

Jambo lingine dogo linaloua vikao ni saa. Niliwahi kuandika "tukutane saa 2 usiku", muimbaji wetu kakulia hukohuko Oman, akasoma 2 kama 02:00, akaweka alamu akaamka usiku wa manane akatusubiri. Toka siku hiyo tunaandika 20:00 saa za Dar, basi, kila mtu anajipigia hesabu: Muscat wanatutangulia saa moja, Toronto wako nyuma saa 7 wakati wa joto na 8 wakati wa baridi.

Msijaribu kupiga pamoja laivu kwenye simu. Sauti inachelewa njiani, na ikichelewa kama milisekunde 30 hivi na kuendelea wapigaji wanaanza kuvutana, huyu anamsubiri yule na yule anamsubiri huyu, tempo inazama. Alafu hizo programu za kupigiana zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, gitaa zinalichukulia ni kelele zinalikata. Simu itumieni kuongea tu, muziki kila mtu arekodi kwake.

Anzeni na mifupa: sauti moja na gitaa moja, ubeti mmoja na kiitikio, vimerekodiwa kwa simu. Kama hapo tu wimbo haukushiki, usitegemee biti itakuja kuuokoa. Mkikubaliana hapo ndo mnafunga tempo, ufunguo na mapigo, mnaandika juu kabisa ya faili la mashairi.

Na mapigo msiyapite harakaharaka, hapa tulipoteza wiki nzima. Wimbo wetu ulikuwa wa chakacha, na chakacha ni 6/8 (unahesabu mpaka sita), prodyuza akafungua kazi yake kwenye 4/4 (unahesabu mpaka nne) kama alivyozoea, mpiga gitaa akarekodi juu ya ile kliki, yaani mlio wa kushikia tempo, akijitahidi kuifuata, matokeo yake gitaa likawa linachechemea, hata mimi nisiyepiga chombo nilisikia. Kumuelezea kwa maneno haikusaidia. Kilichosaidia ni mpiga gitaa kujirekodi anapiga makofi huku anahesabu kwa mdomo, MOJA-mbili-tatu NNE-tano-sita, mara nane, akalituma lile faili, na prodyuza akajenga ngoma zake juu ya yale makofi. Sasa kila wimbo tunaanza hivo, hata kama ni 4/4 ya kawaida.

Cha pili kama hicho ni mkazo wa maneno, hasa kama anayetunga melodi haongei Kiswahili. Nilikuwa nimeandika kipande cha mizani 8, "penzi letu barabara", yaani liko sawasawa, limenyooka. Maana hiyo mkazo unakaa baRAbara. Prodyuza akaleta melodi tamu sana, inapanda alafu inavuta noti ndefu, lakini ikavutia kwenye silabi ya tatu, baraBAra, kwaiyo muimbaji akawa anaimba penzi letu ni njia ya magari! Melodi ilikuwa sahihi kabisa kwa mtu asiyejua maana. Dawa yake ni rahisi: mwenye maneno ayasome kwa kuongea kawaida, bila kuimba, arekodi, alafu kwenye maandishi silabi yenye mkazo aiweke herufi kubwa: PEnzi LEtu baRAbara. Mtu wa Toronto anaiona na anaisikia, ananyanyua noti mahali panapotakiwa. Tulisogeza noti moja tu, kiitikio kikakaa.

Kwenye kurekodi, zima feni, simu weka ndegeni, ingia chumbani kwenye nguo nyingi au tundika makhanga na blanketi nyuma yako, na chagua muda ambao adhana na pikipiki hazitakukatisha. Vaa hedifoni ili kliki isiingie kwenye maiki. Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), ubora wa 24-bit 48 kHz, na kila faili lianzie sifuri kabisa hata kama wewe unaingia dakika ya pili, ili prodyuza akilidondosha tu likae mahali pake. Sauti ya mono (ya njia moja) ya dakika 3 inafika kama MB 26, kwaiyo bando liandae. Usitume kama voisi ya WhatsApp, inabanwa mpaka inapoteza uhai, tuma kama dokumenti au weka Google Drive, pale kuna GB 15 za bure. Ambaye hana kompyuta, programu ya kurekodi ya BandLab inamtosha kwenye simu. Majina ya faili yaeleweke, jina la wimbo, chombo, tempo na tarehe, maana "mpya mwisho kabisa 2" haimsaidii mtu.

Mkisikilizana, sema dakika na sekunde. "1:12 neno la mwisho limemezwa" linafanyiwa kazi, "sijaipenda" linamkatisha mtu tamaa tu usiku uleule alioacha kulala kwa ajili yenu. Na kila eneo liwe na mwenye neno la mwisho: kwetu maneno ni mimi, namna ya kuimba ni muimbaji, miksi ni prodyuza. Tunabishana sana tu, ila mwenye eneo akishasema tunasonga.

Miksi ikishakamilika isikilizeni kwenye simu ya bei rahisi na ndani ya bajaji, kama maneno hayasikiki humo punguzeni vyombo. Tumeni siku tatu kabla, maana siku ya mwisho kila mtu anapandisha na tovuti inakuwa nzito. Mmoja tu ndo ajaze fomu, wengine wawe laivu wanasoma majina yao yameandikwaje kabla hajabonyeza. Ule ujumbe wa "tumepokea" ukiingia upige skrinishoti, uuweke folda moja na ile karatasi ya hisa.