Kusoma maji na upepo wa Paje kabla ya kupandisha kaiti

Karibu kila asubuhi vijana wanaoanza kufundisha kaiti, mchezo wa kuteleza majini juu ya bodi ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, huniuliza: "Kaka, leo kuna upepo?" Wengi wao wameshafungua programu ya upepo kwenye simu na namba wameiona. Namba hiyo haiwaambii kama saa tano kutakuwa na maji ya kiunoni mbele ya kituo chao au mchanga mtupu na vigingi vya mwani. Upepo huo huo wa noti 18 (noti ni kipimo cha kasi ya upepo) unaweza kukupa siku nzuri kuliko zote za mwezi, au ukakupeleka nje ya mwamba unaotenga bahari ya ndani na bahari kuu. Utaratibu ninaoufuata mimi ndio huu, hatua kwa hatua. Sehemu yake nimejifunza kwenye mafunzo ya ualimu wa kaiti, na sehemu kubwa nimeipata kwa ami yangu, aliyevua na ngalawa Jambiani maisha yake yote.

Hatua ya kwanza: anza na maji

Usifungue utabiri wa upepo kabla hujajua maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, husogea kidogo; siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, husogea sana.

Ukikosa jedwali, tazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukifika kumi na tano, bamvua iko hapo au itafika baada ya siku moja mbili. Tarehe saba nane za mwezi, na ishirini na mbili ishirini na tatu, ni maji mafu. Hapa Unguja bamvua ina saa zake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake, saa nne ndiyo yamejaa. Ukiukariri mpango huu hutashtukizwa na mgeni anayetaka kuingia majini saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu, kwa sababu utajua tangu jana kwamba saa hiyo hakuna kitu.

Tofauti ya kimo pia ni kubwa. Bamvua kali maji hupanda na kushuka kwa kukaribia mita 4, maji mafu kwa mita 1 hivi. Ndiyo maana wanaoanza nawapenda siku za maji mafu: bahari ya ndani inabaki na maji mchana kutwa, mkondo hauna nguvu, na mtu anaweza kusimama kila anapoanguka.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Maji hayatoki kwa kasi moja. Chukua siku ambayo yatashuka mita 3.6 kwa saa sita. Saa ya kwanza yanashuka sentimita 30 tu, saa ya pili 60, saa ya tatu 90, saa ya nne 90 tena, ya tano 60, ya sita 30. Saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba nusu ya maji yote. Kwetu maji hayo hutafuta milango ya mwamba, yaani mapengo yake, ili yatoke nje, na aliyesimama yakiwa yanafika kifuani huhisi mchanga unahama chini ya nyayo. Kwa hiyo kwenye daftari naandika mambo matatu: saa ya kujaa, saa ya kupwa, na saa mbili za katikati ambazo mwanafunzi wangu hatakuwa karibu na mlango.

Kumbuka pia kina mama wa mwani. Kilimo hiki kipo pwani hii tangu mwaka 1989, na mashamba yao yamo humo humo tunamochezea. Bamvua ikipwa wao ndio wenye bahari. Maji yakianza kurudi, vigingi na kamba hufichwa na maji ya magotini. Kigingi hakionekani ukiwa juu ya bodi, na kamba ikikatika, kuna mtu amepoteza kazi ya wiki kadhaa.

Hatua ya pili: jua uko msimu gani

Hapa nitakwenda haraka, maana hili kila mtu wa pwani analijua. Kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, inavuma Disemba hadi Machi hivi. Kusi, ya kusini mashariki, inashika kasi kuanzia Juni, inakaza Julai na Agosti, inalegea Septemba. Katikati kuna tanga mbili: Aprili na Mei na masika yake, halafu Oktoba na Novemba na vuli. Msimu ukiwa umesimama, utabiri wa siku tatu nne unaaminika. Tanga mbili, utabiri wa kesho tu ndio wa kuutazama, na wa keshokutwa usimwahidi mgeni kitu.

Wako wanaosema visiwa vyetu havifikwi na tufani. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Zote mbili ni za masika.

Hatua ya tatu: tahadhari kwanza, namba baadaye

Naanza na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utaona maneno haya mara nyingi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na nusu hivi. Mwenye uzoefu na kaiti ndogo atafurahi, lakini boti ya kumfuata mwanafunzi na ngalawa ya kumuokoa hazitafurahi, na mimi siku ya tangazo hilo sifundishi mtu mpya. Angalia rangi pia: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Na mawimbi ya mita 2 hayana maana kwamba hakuna lenye kuzidi hapo. Kimo kinachotolewa kwenye utabiri wa bahari ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa, kwa hiyo moja moja linaweza kufika karibu mara mbili yake.

Baada ya hapo ndipo nafungua programu ya upepo, na naangalia modeli mbili, yaani mahesabu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa: ya Ulaya, ECMWF, na ya Marekani, GFS. Zikikubaliana, vizuri. Zikipingana kwa noti tano sita, siku hiyo naihesabu kuwa haijulikani, na naifanyia kazi kwa macho.

Elewa namba hiyo inatoka wapi. Modeli ya Ulaya hugawa dunia kwa miraba ya kilomita 9 hivi, ya Marekani kilomita 13. Mraba mmoja wa namna hiyo umemeza bahari ya nje, mwamba, bahari ya ndani, kijiji cha Paje na njia ya kwenda Bwejuu. Namba unayoiona ni ya mraba mzima. Kuishusha hadi pale unapopandisha kaiti ni kazi yako, na hapo ndipo mwalimu anapotofautiana na mtu mwenye simu tu.

Tazama saa pia. Programu nyingi huandika kwa mtindo wa saa 24. Mchana toa sita upate saa yetu, 15:00 ni saa tisa alasiri. Nyengine zimebaki na saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na hapo utamwita mgeni saa tatu kabla ya upepo. GFS huhesabiwa upya mara nne kwa siku, na mahesabu yanayoanza saa tisa usiku kwetu hayawi tayari mara moja. Ukiamka saa kumi na mbili ukatazama, bado unasoma hesabu ya jana usiku. Tazama tena saa mbili asubuhi. Mara nyingi namba zimebadilika, na aliyeahirisha darasa saa kumi na mbili amejinyima siku.

Hatua ya nne: upepo unatoka wapi ukilinganisha na ufukwe

Simama Paje uso uelekee bahari. Mbele ni mashariki, kulia ni kusini, kushoto ni kaskazini. Kusi inakuja kutoka kulia na kukusukuma kidogo nchi kavu. Kaskazi inakuja kutoka kushoto, nayo vivyo hivyo. Hizi mbili ni rafiki: ukipoteza bodi, bahari itakurudisha ufukweni, pengine ukatembea hadi karibu na Jambiani lakini umerudi.

Digrii kwenye utabiri huonyesha upepo unatoka wapi: 45 ni kaskazi, 135 hadi 160 ni kusi. Ukiona kuanzia 200 hadi 340, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Hapo hakuna mjadala, kaiti haipandi hata kama ni noti 20 safi. Mshale usikuchanganye, maana mara nyingi ncha yake inaonyesha unakokwenda.

Soma na mipigo, yaani upepo unaozidi ghafla kwa muda mfupi, ile namba ya pili. Wastani 15 na mipigo 18 ni upepo uliotulia. Wastani 13 na mipigo 24 ni upepo wenye mvua ndani yake.

Hatua ya tano: toka nje

Asubuhi na mapema mara nyingi hukuta umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu. Mpaka ukate, usitie mtu majini. Dalili ya kukata ni kwamba mivinje inanyamaza kabisa kwa muda, halafu inaanza kuvuma upya kutoka baharini. Siku za kaskazi nchi kavu ikishapata joto upepo huongezeka mchana, na mara nyingi huipita namba ya utabiri. Povu jeupe likianza kuonekana huku na kule nje ya mwamba, upepo unakaribia noti 10. Likitapakaa kila mahali, umeshafika 15 au zaidi.

Kisha waulize wanaorudi na ngalawa, kwa adabu yake.

"Shikamoo ami. Nje vipi?"

"Marahaba mwanangu. Nje kuna mawingu ya mvua kusini. Mchana watoe watu mapema."

Maneno hayo niliyapuuza siku moja ya Aprili. Zilikuwa zimebaki siku tatu kufika bamvua, maji yalijaa saa saba na nusu mchana, simu ikaniambia noti 16 za kusi mpaka magharibi. Saa kumi na robo mwanafunzi wangu alikuwa anakwenda vizuri, naye akaomba dakika kumi zaidi. Nikampa. Nyuma yangu, juu ya kijiji, wingu lilikuwa limeshakuwa la rangi ya wino na chini yake mvua imening'inia kama shuka. Kwanza ulikuja upepo wa baridi kutoka nchi kavu, kaiti ikageuka. Kisha upepo ukafa kabisa. Kaiti ikalala juu ya maji, na ilikuwa ile saa ya tatu ya maji kutoka. Nilimuona anasogea bila kuogelea, akiwa ameikumbatia kaiti, akielekea mlangoni. Ngalawa iliyokuwa inarudi ndiyo iliyomchukua, mita chache kabla ya mwamba. Kosa lilikuwa langu. Mkasa huo ndio ulionifanya niandike saa mbili za katikati kila asubuhi, na tangu siku hiyo wingu likitokea nyuma yetu, upande wa nchi kavu, sisubiri likaribie. Mtu anashusha kaiti akiwa bado na upepo wa kumrudisha.

Hatua ya sita: panga dirisha na kaiti

Hapa sasa unaunganisha. Maji yanatosha kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi? Ndani ya saa hizo upepo unatoka baharini kuanzia lini? Pale vinapokutana ndipo darasa lako, na mara nyingi ni saa tatu tu kwa siku. Saa ya kutoka majini mwambie mwanafunzi kabla hajaingia.

Kwa mtu wa kilo 75, noti 15 namtolea kaiti ya mita 12 (ni mita za mraba), noti 20 ya mita 9, noti 25 ya mita 7. Mipigo ikipishana na wastani kwa zaidi ya noti saba, nachagua kwa kufuata mipigo, hata akilalamika kwamba haondoki.

Hatua ya saba: daftari

Daftari la skuli lenye mistari linatosha. Jioni naandika utabiri ulisema nini na mimi nimeona nini. Baada ya msimu mmoja utaanza kuona namna pwani yako inavyoupinda utabiri. Langu linanionyesha kwamba Januari, umande ukishakata, modeli hunipa noti mbili tatu pungufu ya ninachokipata saa tisa, na kwamba Julai asubuhi ni sahihi lakini jioni huzidisha. Lako linaweza kusema vyengine ukiwa Kiwengwa, na hata ukiwa Jambiani tu. Andika hata siku ambazo hukuingia majini, hizo hasa.

Ukurasa mmoja wa langu uko hivi: "Mwezi tarehe 9. Kujaa saa nne na nusu, kupwa saa kumi na nusu. Katikati saa sita na nusu hadi nane na nusu, mkondo mdogo. Ulaya 14, Marekani 17, digrii 50. Umande umekata saa nne kasorobo. Saa nane nimepima 18, mipigo 20. Kaiti mita 10. Wanafunzi wawili, wametoka saa tisa. Wingu dogo kaskazini, halikufika."