Somo: Kutengeneza mwenyewe baa za kuzuia ekseli kujikunja kwenye pikapu ya kuvuta sledi

Somo hili niliahidi tangu msimu wa maonyesho ya kaunti uliopita, na kila wikendi ilikuja na udhuru wake. Leo limekwisha.

Kwa mlioko nyumbani ambao mchezo huu hamjauona: hapa Ohio, kiangazi kikifika, matrekta na pikapu hufungwa mnyororo kwenye sledi, gari la chuma lenye magurudumu nyuma na bamba la kuburuzika mbele. Linavyovutwa, sanduku la uzito hupanda taratibu kutoka nyuma kuja mbele, na bamba linazidi kung'ang'ania udongo mpaka mvutaji anasimama. Ukifika futi 300, karibu mita 91, umemaliza uwanja. Mji wa Bowling Green, hapahapa Ohio, wamekuwa wakifanya mashindano yao makubwa ya matrekta tangu 1967. Mimi ni mchomeleaji tu. Jirani yangu, mkulima wa mahindi, ana Dodge Ram 2500 ya 1997 yenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9, na ndiye aliyeniingiza kwenye ugonjwa huu.

Kwanza muelewe tunapambana na nini. Nguvu ya injini ikienda kwenye magurudumu, nyumba ya ekseli inataka kuzunguka upande wa pili. Pua ya difu (boma la gea katikati ya ekseli, pale propela inapoingilia) inanyanyuka, springi zinajikunja kama herufi S, halafu tairi likiteleza kidogo zinajirudisha kwa nguvu. Linakamata, zinajikunja tena. Gari linarukaruka kama mbuzi, na baada ya sekunde mbili krosi ya propela (kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) imepasuka. Baa tunazotengeneza (si zile za kunywea, ingawa baada ya kazi hii utazihitaji) ni mikono mirefu inayofungwa kwenye ekseli na kwenda mbele hadi kwenye chesisi. Ekseli ikitaka kunyanyua pua, mkono unasukuma chesisi juu, na kazi inaishia hapo. Wenyewe huziita trakisheni baa.

Hesabu kidogo, kwa sababu wengi hukimbilia chuma kinene bila kujua nguvu inakwenda wapi. Tuseme injini inatoa futi-paundi 1,000. Gea ya tatu kwenye gea boksi ya NV4500 ni 1.67, gea nzito ya 4WD (magurudumu yote manne yakivuta) ni 2.72, difu ni 3.54. Zidisha zote, unapata karibu 16. Kwenye ekseli mbili kuna futi-paundi 16,000, na tukigawa sawa, nyuma ni 8,000. Baa ikiwa na futi 4, ncha za mbele kwa pamoja zinasukuma paundi 2,000, yaani 1,000 kila upande, kama kilo 450. Si nyingi. Lakini njoo kwenye ekseli: boliti mbili zinazoshika baa zikiwa zimeachana inchi 6, kila moja inabeba mara nane ya hiyo, paundi 8,000, zaidi ya tani tatu na nusu. Hapo bado hujaachia klachi kwa hasira. Kwa hiyo baa ndefu ni rafiki yako, na boliti zilizokaribiana ni adui. Ukikumbuka hilo, mengine ni kukata na kuchomelea.

Vifaa. Tyubu ya chuma isiyo na mshono wa ndani, inchi 2 kwa nje na ukuta wa robo inchi (milimita 6), kwa mkono wa chini. Ya inchi 1.5 kwa mkono wa juu. Bamba la milimita 10 kwa vishikio vya ekseli, la milimita 6 kwa vya chesisi. Boliti za robo tatu inchi za gredi 8. Kichwani zina mistari sita, ukiona mitatu hiyo ni gredi 5, irudishe dukani. Bushi ngumu za plastiki au jointi za heimu (zenye tufe la chuma ndani) kwa ncha za mbele. Mashine ya MIG ya volti 220, au ya fimbo ukiwa na elektrodi za 7018 zilizokaa pakavu.

Hatua ya 1: kanuni, halafu vipimo. Soma kanuni za daraja unaloshindania kabla ya kununua hata boliti moja. Kuna madaraja yanayotaka kila kitu kifungwe kwa boliti, na mengine yanadai kinga ya chuma kuzunguka krosi za propela. Kisha simamisha gari kwenye sakafu sawa, likiwa juu ya matairi yake, na uzito wote unaovuta nao. Usipime gari likiwa kwenye jeki. Pima pembe ya pua ya difu na uiandike ukutani kwa chaki.

Hatua ya 2: vishikio vya ekseli. Kata mabamba mawili kwa kila upande, yakumbatie tyubu ya ekseli, na tundu mbili zilizoachana inchi 6 au zaidi, moja juu na moja chini. Toboa mabamba yote manne yakiwa yamebanwa pamoja, la sivyo tundu hazitalingana na utaishia kuzitanua kwa faili, na boliti inayocheza ndani ya tundu itazidi kuitanua. Piga pointi tu kwa sasa, yaani vidoa vidogo vya kuchomelea vya kushikilia. Kichomelewe kishikio kwenye tyubu ya chuma, kamwe si kwenye boma la katikati lililomiminwa: hilo bila kupashwa moto kwa utaratibu hupasuka pembeni mwa mshono.

Hatua ya 3: baa yenyewe. Ni pembetatu ndefu. Mkono wa chini unakwenda moja kwa moja kutoka kwenye ekseli hadi mbele. Wa juu unaanzia tundu la juu na kuukuta wa chini kwenye theluthi mbili ya safari, na katikati weka vipande viwili vitatu vya kuunganisha, kama ngazi. Urefu: nenda mbele kadiri chesisi inavyokuruhusu, inchi 48 hadi 60. Angalia ekzosi, tangi la mafuta, kebo ya hendibreki na paipu za breki. Paipu ya breki iliyosuguliwa na baa haitakupigia hodi.

Hatua ya 4: kishikio cha mbele na shakeli. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nilifunga ncha ya mbele moja kwa moja kwenye chesisi kwa boliti na bushi. Ilipendeza kwa macho. Jirani akapandisha gari kwenye trela, springi zikashuka, na kishikio cha mbele kikang'oka kama kifuniko cha kopo. Hata sledi hatujaiona! Sababu: springi inapopanda na kushuka, ekseli inakwenda pia mbele na nyuma kidogo, ikifuata duara la jicho la springi. Baa ina duara lake, lenye kitovu kwingine. Ukizifunga zote mbili kwa ukaidi, moja lazima ivunjike. Dawa yake ni shakeli, kama ile iliyo nyuma ya springi yenyewe: vipande viwili vya bamba vya inchi 4, vinavyoning'inia kutoka kwenye chesisi na kushika ncha ya baa. Inaruhusu baa iende mbele na nyuma, lakini juu haiendi. Gari likiwa limesimama kawaida, shakeli iwe wima.

Kishikio cha chesisi kifunge kwa boliti nne za nusu inchi, na bamba la kuegemea upande wa pili ili ubavu wa chesisi usibonyee. Mimi sichomelei chesisi kama kuna nafasi ya kutoboa. Mafundi wengine huchomelea na hawajapata tatizo, shauri lao.

Hatua ya 5: jaribio la pointi. Kila kitu kikiwa kimeshikwa kwa pointi, nyanyua chesisi mpaka matairi yaning'inie, weka stendi, chungulia. Shusha, pakia uzito mpaka springi zibonyee, chungulia tena. Shakeli isilale, isipinduke, na baa isiguse kitu. Rudia upande mmoja mmoja. Saa moja hapa inakuokolea wiki.

Hatua ya 6: kuchomelea moja kwa moja. Toa nyaya za betri. Safisha rangi na kutu mpaka chuma king'ae. Kwenye ekseli choma vipande vya inchi moja na nusu, hama upande wa pili, rudi ukikuta mkono unavumilia joto. Ukichoma mfululizo, tyubu ya ekseli inapinda na sili zinaungua, na mafuta yatakuambia. Ikishapoa, pima tena pembe ya pua ya difu na ulinganishe na ile ya chaki.

Hatua ya 7. Kaza boliti, endesha kilomita chache, kaza tena. Mvuto wa kwanza uwe wa nusu nguvu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Columbus:* Fundi, shikamoo. Nina bomba nene la maji limebaki kazini. Si ni chuma kilekile?

Marahaba. Hapana. Bomba limetengenezwa kupitisha maji, mshono wake ni wa kupitisha maji, na hupimwa kwa nafasi ya ndani, kwa hiyo hata vipimo vyako vitakudanganya. Litumie kwa geti.

*Dereva wa Kahama:* Kaka, huku hatuvuti sledi, lakini nina Land Cruiser pikapu, nikipanda mlima na mzigo springi zinajikunja hivyohivyo. Nifunge baa mbili kama zako?

Usifunge mbili. Baa mbili ngumu kwenye ekseli moja zinakataa tairi moja lipande lingine likishuka. Zinaisokota nyumba ya ekseli. Kwenye uwanja uliosawazishwa si neno, lakini kwenye barabara za makorongo utavunja vishikio ndani ya mwezi. Tengeneza moja tu, karibu na difu, yenye shakeli mbele. Inazuia pua kunyanyuka na ekseli inabaki huru kuyumba. Kabla ya hapo lakini, angalia yuboliti (zinazobana springi kwenye ekseli) na senta boliti (inayoshika majani ya springi pamoja). Springi nyingi "zinazojikunja" zimelegea tu.

*Mwanachama wa Iowa:* Gari litakuwa gumu barabarani?

Kidogo, kwenye kona na matuta. Shakeli ikiwa wima na bushi zikiwa nzima, abiria hatajua.

*Mwanachama wa Nairobi:* Mimi nilitengeneza zangu zamani, ndefu, na shakeli, na bado gari linaruka. Nimekosa wapi?

Swali zuri, maana mkosaji mara nyingi si baa. Mwambie mtu aweke gea na aachie klachi kidogo gari lianze kuondoka, wewe simama pembeni mbali na matairi utazame. Pua ya difu ikinyanyuka, kuna tundu limetanuka au kishikio kinapinda. Ikitulia na gari bado linaruka, tazama mbele: kwa 4WD ekseli ya mbele nayo inapokea nusu ya nguvu, na shokabu zilizochoka zinatosha kulirusha. Baada ya hapo punguza upepo wa matairi kidogokidogo. Tuma picha ya shakeli ikiwa na mzigo, nione imesimamaje.