Dizeli inayogoma kuwaka ikipata moto: pima kabla hujanunua sensa

Asubuhi gari linawaka vizuri. Unakwenda nalo mpaka Chalinze, unalizima ununue machungwa, ukirudi stata inazunguka tu. Likipoa, linawaka. Juzi nimemwelekeza jamaa yangu kwa simu tatizo hilihili, na tayari alikuwa ameshauziwa sensa mbili, vile vidude vinavyoipa kompyuta ya injini habari. Nayaandika hapa kwa wenye dizeli za komoni reli (bomba moja la presha, yaani reli, linalolisha nozo zote), hasa Toyota Hilux na Hiace za injini za KD, yaani 1KD na 2KD.

1. Betri, ethi, fyuzi. Unazijua. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, sensa ziache kwanza.

2. Kwa kifaa cha kupimia gari, soma kodi, yaani namba za hitilafu, kabla mtu hajachomoa betri akazifuta. P0335 ni sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), P0340 ya kamu (shafti ya vali), P0190 hadi P0193 ni ya presha ya reli. Kodi inakuonyesha saketi yenye shida. Haikuambii ununue nini. Waya uliokatika huleta kodi ileile ya sensa iliyokufa.

3. Piga stata huku ukiangalia data hai, zile namba zinazobadilika kwenye kifaa hichohicho. RPM (mizunguko kwa dakika) ikisoma 200 hivi, kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, inaiona kranki. Hapo tazama presha ya reli: isipopanda kufika baa 200 au zaidi, kwa KD nashuku kwanza nozo zinazorudisha dizeli nyingi kwenye tangi, maana dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja zaidi. RPM ikikaa kwenye sifuri, nenda hatua ya 4. Ila vifaa vya bluetooth vya bei rahisi huzimika au kuchelewa stata ikivuta umeme, vikaonyesha sifuri ya uongo. Kijaribu chako kwanza asubuhi, wakati gari linawaka vizuri.

4. Pima sensa ya kranki gari likiwa limegoma. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima: gari linavutwa gereji, linafika limepoa, fundi anapima, anasema sensa nzima. Kweli ni nzima, kwa saa hiyo.

Hesabu nyaya kwanza. Zikiwa mbili, ni koili (waya wa shaba uliozungushwa), pima omu, yaani ukinzani wake. Zikiwa tatu, mara nyingi ni ya Holi (Hall), yenye saketi ndani inayohitaji umeme. Hiyo usiipime omu, pima umeme unaoingia na ishara inayotoka. Koili za KD nilizopima huwa karibu omu 2,000 zikiwa baridi. Zikipata moto namba hupanda, hata ifike 2,500, na hilo ni kawaida ya shaba. Wengi hutupa sensa nzima kwa kuona namba imepanda. Mbaya ni ile inayoruka ghafla hadi mita ikasoma OL (njia imekatika), au inayochezacheza ukiitikisa.

Omu zikiwa sawa, bado usiisafishe jina. Weka mita kwenye volti za AC, ichomeke kwenye waya mbili za sensa, mtu apige stata. Isipofika hata nusu volti, angalia kama ncha yake imejaa unga wa chuma au haikukaa mahali pake. Halafu pima kama waya haujakatika kutoka soketi ya sensa hadi soketi ya kontroo boksi, ukikunja waya taratibu, hasa unapopita karibu na ekzosi.

Gari limeshapoa? Fungua sensa, iunganishe kwenye mita, uipulizie drai ya saluni. Njia ya barabarani: ikamulie kitambaa chenye maji sensa peke yake, mbali na altaneta. Likiwaka papo hapo, umemshika.

Taa ya balbu ya kupimia usiiguse kwenye waya za sensa. Inavuta umeme mwingi na inaweza kuunguza kontroo boksi. Kutoboa waya kwa sindano nako nimekataa gerejini kwangu: kwa chumvi ya hewa ya Dar, tundu hilo linakuwa kutu.

5. Volti 5. Kodi za sensa kadhaa zikija pamoja, washa swichi upime volti 5 kwenye soketi ya presha ya reli. Hakuna? Chomoa sensa zinazotumia laini hiyo mojamoja. Ukichomoa moja volti zikarudi, hiyo ndiyo inashoti.

6. Funga mpya. Oringi ipake oili. Ukienda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, beba ya zamani, ulinganishe urefu wa ncha na soketi, na ipime omu palepale dukani kabla hujatoa hela.