Somo: Kupanga breki za magurudumu kwenye joistiki ya FlightGear

Kwa kuwa swali la ndege isiyoondoka katika FlightGear, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, haliishi kuulizwa, nimeona heri niliandikie somo, na atakayeuliza tena nitamrejesha hapa.

Hatua ya kwanza: chomeka joistiki kabla ya kuwasha simuleta.

Hatua ya pili: iweke Cessna 172 mwanzo wa njia ya kurukia namba 03, yenye mita 3,350, pale uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa (msimbo HKMO), kisha fungua breki ya kuegesha kwa Shift na B.

Hatua ya tatu: asiye na pedali aipe triga kazi ya breki zote mbili, na ahakikishe kwamba amri ya kuachia nayo imewekwa.

Hatua ya nne ndiyo inayowaangusha wengi. Mhimili wa pedali, yaani kipimo cha jinsi ilivyokanyagwa, husomwa kuanzia -1 hadi 1, ilhali breki hupokea 0 hadi 1, kwa hiyo ni lazima ujumlishe 1 kisha uzidishe kwa 0.5. Kuna pedali zinazosoma 1 zikiwa hazijakanyagwa. Hizo ujumlishe -1 na uzidishe kwa -0.5. Ukikosea hapo, injini itanguruma na ndege itaganda, na ajabu ni kwamba ukikanyaga breki ndipo itakapotembea. Tafadhali usijaribu kuishinda kwa kuongeza nguvu ya injini! Fungua orodha ya vipimo, utazame /controls/gear/brake-left na brake-right: mguu ukiwa juu, zote zisome 0.

Swali (Likoni): Mwalimu, nimefuata yote lakini ndege haisogei.

Jibu: Hatua ya pili, sehemu ya mwisho.

Swali (Likoni): Mbona hukuiandika kwa herufi kubwa?

Jibu: Iliandikwa kwa herufi za kusomeka.

Swali (Kisauni): Samahani, mwalimu, ikiwa pedali zinapinda gurudumu la mbele, breki ya upande mmoja ni ya nini?

Jibu: Umeuliza la maana, ndugu yangu. Katika Cessna 172 pedali hulipinda gurudumu hilo kama digrii 10 tu kila upande, na breki ya upande mmoja ndiyo huliongeza hadi 30, kwa hiyo bila breki hiyo hutageuza ndege mahali finyu. Kwenye kibodi, alama ya mkato ni breki ya kushoto, na nukta ni ya kulia. Jaribu ukiwa mwendo wa polepole.

Swali (Tudor): Kipimo changu kinachezacheza hata nisipogusa pedali.

Jibu: Huenda ni vumbi, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Weka eneo dogo lisiloitikia mwanzoni mwa mhimili, na pedali uzifunike kitambaa usipozitumia.