Kabla ya Safari Ndefu ya Ndege, Usiangalie Kilomita Peke Yake

Kutoka London hadi New York ni kama kilomita 5,540. Gawa kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, karibu kilomita 900 kwa saa, unapata saa 6 na dakika chache. Tiketi itakuandikia takriban saa 8 kwenda na 7 kurudi. Hakuna aliyekosea. Kilomita zile ni za njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, wakati ndege hufuata njia zilizopangwa angani, hukwepa dhoruba na pengine huzunguka ikisubiri zamu ya kutua. Muda wa tiketi nao huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho mpaka inapoegeshwa tena. Kurudi ni haraka zaidi kwa sababu huko juu kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Hata siasa zimo: tangu mwaka 2022 anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya, safari ya Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ya saa 9 na ushee, imefika kama 13. Kwa hiyo muda uchukue kwenye tiketi.

Na tiketi isome taratibu. Saa ya kuondoka ni ya unakotoka, ya kufika ni ya unakokwenda. Alama ya +1 maana yake unafika kesho yake. Ukiondoka Auckland, New Zealand, jioni kwenda Los Angeles, Marekani, unafika mchana wa tarehe ileile, maana umevuka mstari wa tarehe, ule wa kufikirika katika Bahari ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika. Usije ukakodi chumba cha kesho. Lakini kinachoponza wengi, nionavyo, ni 00:30. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 12, na uwanjani unatakiwa uwe umefika tarehe 11 usiku. Ukienda tarehe 12 usiku, ndege yako iliondoka usiku uliopita.

Kama unaunganisha ndege, hakikisha safari nzima iko kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida shirika litakutafutia nafasi kwenye nyingine. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, hasara ni yako, na huenda ukalazimika kupita uhamiaji, kuchukua mizigo na kuikabidhi upya, jambo linaloweza kudai viza ya nchi unayopita tu. Hapo mimi nisingekubali pengo la chini ya saa 4.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi, nchi nyingi hulishikilia hilo. Dawa na betri ya akiba ya simu vikae kwenye mkoba wa mkononi. Na anayekuja kukupokea mpe namba ya ndege pamoja na tarehe ya kufika, ili afuatilie mwenyewe ikichelewa.