SOMO: Kuondoa mmea unaotambaa ukutani bila kubandua plasta

Wakuu, swali hili linarudi kila masika ikiisha. Naliweka hapa moja kwa moja, atakayeuliza tena aelekezwe huku.

Kata jani. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo ni fikasi ya kutambaa, ndugu wa mkuyu, si aivi ya Ulaya. Utomvu unawasha, jua likipiga ndiyo zaidi. Vaa glovu na mikono mirefu.

1. Fanya kiangazi, Juni hadi Agosti.

2. Mmea umefika kwenye nyaya za umeme? Usiguse, ita TANESCO.

3. Kata kila shina mara mbili: karibu na ardhi, kisha usawa wa kiuno. Toa kipande cha katikati.

4. Chimba kisiki kwa sururu. Kikiwa kwenye ufa wa jiwe, kama nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza, futa utomvu kwa kitambaa, paka glifoseti (dawa ya kuua magugu) kwa brashi ndani ya dakika kumi. Kidonda kikikauka dawa haiingii.

5. SUBIRI wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo kuta zinapoharibika. Vimizizi vya fikasi vinatoa gundi na kuingia kwenye vitundu vya plasta. Ukivuta mmea mbichi, rangi na plasta vinakuja navyo, bapa zima. Ukichelewa mno, matawi yanakatika vipandevipande na kubaki ukutani. Wakati mzuri ni majani yakishakauka lakini kitawi bado kinapinda bila kuvunjika. Bandua kipande cha urefu wa mkono, ukivuta sambamba na ukuta, usivute kuja kwako.

6. Vimizizi vilivyobaki vilowanishe, sugua kwa brashi ya waya, ziba nyufa, ndipo upake rangi.

Matawi usiyatupe bustanini. Yakigusa udongo wenye unyevu yanaota.

MASWALI

Mdau wa Buhongwa: Mkuu, nina haraka, nikivuta leo leo?
— Hatua ya 5.

Mdau wa Igoma: Chumvi je? Ni rahisi.
— Hapana. Inaua udongo, inakula plasta na nondo. Sijaiandika kwa makusudi.

Mdau wa Luchelele: Nipo mita chache kutoka ziwani. Dawa ni salama?
— Swali zuri. Usitumie, mvua itaipeleka majini. Kata machipukizi kila wiki mbili. Kisiki kisichopata majani kinaishiwa akiba yake.

Mdau wa Nyakato: Wiki ya tano sasa, juu bado kijani.
— Kuna mzizi ndani ya ufa. Fuata tawi bichi kushuka chini hadi linapozama ukutani, kata hapo.

Mdau wa Kirumba: Mbona majani ya juu ni makubwa na magumu kuliko ya chini?
— Umeona vizuri. Hayo ni matawi yaliyokomaa, hayashiki ukuta, yanachomoza kwenda nje na kuzaa tini. Anayetaka kubaki na mmea wake ayakate hayo yakianza tu, maana uzito wake ndio unaobandua ukuta.

Mdau wa Kirumba: Na kivuli cha ukuta nitapata wapi?
— Funga waya sentimita 15 kutoka ukutani, pandisha pasheni ya njano. Inashika waya kwa vikono vyake vinavyojisokota, ukuta haiugusi.