Kabati la bunduki kutoka bamba moja la chuma: vipimo, kuchomelea na kufunga ukutani

Wateja wangu wengi wa makabati haya ni wakulima wa Njoro, Rongai na Solai wenye shotigani ya kulinda shamba, na wachache wa mjini Nakuru wenye bastola. Karibu wote huja wakiuliza unene wa bamba. Bamba si tatizo. Mwizi hakai chumbani mwako akitoboa ubavu wa kabati kwa saa nzima. Anaingiza mtaimbo kwenye ukingo wa mlango, ukikataa analing'oa kabati zima na kwenda kulifungulia mbele ya safari. Kwa hivyo hela zako ziende kwenye ukingo wa mlango, kitasa na bolti za ukutani. Kwingine tunabana matumizi.

Kabla ya kununua chochote

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inamtaka mwenye silaha aiweke salama wakati wote, achukue kila tahadhari isipotee wala kuibwa, na isimfikie mtu asiye na ruhusa kisheria. Haikuambii ununue sefu ya kutoka ng'ambo. Lakini anayeamua kama kabati lako linatosha si mimi wala wewe, ni wanaoshughulikia leseni yako. Nenda na mchoro wenye vipimo, uwaulize kabla hatujawasha mashine. Wakitaka mlango mnene zaidi au vitasa viwili, ni rahisi kubadilisha karatasi kuliko chuma.

Na tafadhali, usiniletee bunduki karakana ili nipime. Fundi hana leseni, na vijana wanaomsaidia hawana. Ipime nyumbani kuanzia kitako hadi mdomo, kata fimbo ya urefu huo, uje na fimbo.

Vifaa

Bamba moja jeusi la milimita 3, futi 8 kwa 4. Bomba la mraba la milimita 25, urefu mmoja wa mita 6. Chuma cha engo (chenye umbo la L) cha 25 kwa 25, urefu mmoja. Chuma cha duara cha milimita 12, mita moja inatosha. Chuma bapa cha 40 kwa 6, kama mita moja na nusu. Bawaba tatu za umbo la risasi, zile za mageti madogo. Rodi za geji 12. Kitasa cha sefu chenye leva nyingi (vibapa vya ndani vinavyonyanyuliwa na ufunguo), hapa usibane. Kipande cha springi ya gari kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Bolti nne za kupanuka za milimita 12.

Kufuli ya kuning'inia sitaki kuisikia. Mkasi wa bolti unaimaliza kabla mbwa hajabweka mara ya pili.

Hatua ya 1: kukata

Kabati letu lina kimo cha milimita 1400, upana 350 na kina 280. Shotigani ya kawaida inasimama humo bila kuinama. Weka bamba chini, upime milimita 1400 kwenye ule upande mrefu, ukate. Kipande hicho kina upana wa 1220, na humo zinatoka mbavu mbili za 280, mgongo wa 344 na mlango wa 290. Ukihesabu na milimita 3 zinazoliwa na diski kila mkato, vyote vinaenea na unabaki na uzi mwembamba. Mlango upunguze kimo hadi 1340. Kipande kilichobaki kinatoa kifuniko cha juu na cha chini, kila kimoja 344 kwa 277, pamoja na kisanduku cha risasi.

Hatua ya 2: mwili

Mgongo na vifuniko vinakaa katikati ya mbavu, ndiyo maana ni 344 na si 350. Taki kwanza, yaani nukta ndogo za kuchomelea za kushikilia tu, usichomelee mshono. Taki moja kila sentimita 12 hivi, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha pima ulalo wa mdomo wa kabati: kona hadi kona usome karibu 1443 pande zote mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, gonga mpaka zilingane. Mwili uliopinda hautapata mlango wa kuukaa hata uupige nyundo hadi Krismasi.

Zikishalingana, chomelea vipande vya sentimita 5, ruka, rudi. Ukivuta mshono mmoja mrefu bamba la milimita 3 linajikunja kama chapati kwenye kikaango.

Hatua ya 3: fremu na mlango

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kata bomba la mraba ulizungushe ndani ya mdomo wa kabati, likae sawa na ukingo wa mbele. Unabaki na uwazi wa 294 kwa 1344. Mlango wa 290 kwa 1340 unaacha milimita 2 kila upande. Mtaimbo hauingii milimita 2 bila kwanza kupigwa nyundo, na nyundo inaamsha mtaa.

Nyuma ya mlango, kando kando yote, chomelea engo ili mlango uwe kama sinia lenye kina. Bila engo, bamba la milimita 3 linanepa kwenye kona ya chini, na hapo ndipo mtaimbo unapopenda.

Upande wa bawaba, toboa engo mahali patatu na uchomelee vipini vya chuma cha duara vinavyotokeza milimita 10. Mlango ukifungwa vinaingia kwenye matundu ndani ya bomba la fremu. Mtu akizikata bawaba zote kwa grainda, mlango bado umeshikwa. Matundu hayo toboa kwa kekee ya 14, kisha yarefushe kwa tupa kuelekea nyuma kama milimita 4, kwa sababu kipini hakitoki moja kwa moja. Kinazunguka na mlango. Jaribu kufungua na kufunga bawaba zikiwa kwenye taki tu. Kikigusa, piga tupa zaidi.

Hatua ya 4: komeo na kitasa

Chukua chuma bapa cha 40 chenye urefu wa mita moja, uchomelee vyuma vitatu vya duara kwa upande, juu, katikati na chini. Hilo ndilo komeo. Linateleza ndani ya vishikizo vilivyochomelewa mgongoni mwa mlango, linasukumwa na mkono wa nje, na vyuma vyake vinapita kwenye engo na kuzama milimita 15 ndani ya bomba la fremu.

Kitasa hakishiki mlango. Kazi yake ni kuzuia komeo lisirudi nyuma, basi. Ulimi wake ukitoka, unasimama nyuma ya chuma bapa kama mlinzi. Hivyo hata mlango ukivutwa na gari, nguvu inaishia kwenye vyuma vitatu, haifiki kwenye kitasa.

Mkono wa nje ufunge kwenye shafti, ule mhimili unaopita mlangoni hadi kwenye komeo, kwa msumari mwembamba. Mtu akiuchapa kwa nyundo au akiuvika bomba refu ili aupinde, msumari unakatika, mkono unazunguka bure na ndani hakuna kilichosogea. Kuubadilisha msumari ni kazi ya dakika chache.

Kati ya bamba la mlango na kitasa weka kile kipande cha springi ya gari. Kekee ya kawaida inalia tu juu yake. Kitaki kwenye ncha mbili na usikichomelee kote, maana joto linakilainisha na utakuwa umeweka chuma cha kawaida tu.

Hatua ya 5: kisanduku cha risasi

Risasi zikae kwenye kisanduku chao juu ndani ya kabati, chenye kitasa na ufunguo tofauti. Bunduki iingie ikiwa tupu. Mwenye bastola peke yake hahitaji kabati refu: kanuni ni zile zile, punguza tu kimo.

Hatua ya 6: rangi

Piga msasa, futa mafuta, paka oksaidi nyekundu mara mbili kisha rangi ya mafuta. Acha mlango wazi mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu mvuke wa rangi mbichi uliofungiwa ndani haufai kwa mtutu. Wa Kisumu na kando ya ziwa, msibandike zulia ndani. Linashika unyevu na kutu inaanzia pale chuma kinapogusa. Weka mpira chini na mifuko ya silika, uibadilishe ikilowa. Molo na Mau Summit baridi ya usiku inaleta jasho la chuma, kwa hivyo ushauri ni ule ule.

Moto ni habari nyingine. Kabati hili halizuii moto, na anayekuambia bamba tupu linazuia anakuuzia maneno.

Hatua ya 7: kulifunga

Likikamilika lina kilo 60 hivi. Wanaume wawili wanalibeba wakiongea. Kwa hivyo bolti mbili ziende kwenye sakafu ya zege na mbili mgongoni, zote zikifungwa kutoka ndani. Liweke kwenye kona ili ubavu mmoja nao usifikiwe na mtaimbo.

Angalia ukuta wako kwanza. Mawe mengi ya kujengea huku kwetu ni mepesi na laini, na bolti ya kupanuka inayachimba tu na kulegea. Ukuta ukiwa wa hivyo, pitisha chuma chenye uzi hadi upande wa pili na uweke pleti ya chuma huko nje, kisha upige plasta juu. Nyumba ya udongo haifai. Mwaga kwanza jiwe la zege la kutosha sakafuni na ufunge huko bolti zote nne.

Lisafirishe limefunikwa turubai, na majirani wakiuliza ni kabati la vyuma vya shamba. Wanaosaidia kulibeba hawahitaji kujua kitakachoingia.

Ufunguo

Mke au mume asiye na leseni naye ni mtu asiyeruhusiwa, hata mkiaminiana namna gani. Ufunguo ukining'inia msumarini jikoni, chuma chote hiki ni pambo. Tembea nao mwenyewe. Wa akiba usikae kwenye nyumba hiyo hiyo, na usiache hata mmoja kwa fundi: kitasa kinauzwa na funguo zake, zihesabu mbele yangu siku unapochukua kabati.